Hati ya Rehani

Koti jipya lilipoletwa dukani kwa baba,
bado likinuka pasi ya fundi,
karani aliandika: koti moja, kuukuu, limeliwa na nondo.
Ndivyo maduka ya rehani yalivyoandika kila kitu,
mwenyewe akirudi asidai kizima.
Kaka yangu Huaiyan alijifunzia kusoma kwenye uongo huo.

Mwaka wa mafuriko, akiwa na miaka kumi na mmoja,
aliiba funguo, akarudisha mablanketi kumi na tisa
nyumba kwa nyumba, usiku, meno yakimgongana.
Asubuhi baba alimchapa kwa ubao wa hesabu
hata shanga zikatawanyika uani.
Tuliziokota pamoja. Moja haikuonekana.
Miaka mingi baadaye alinong'ona: niliimeza.

Ninyi vijana wa Chama, mlionijia na madaftari
kuniuliza mapinduzi yalimwingiaje,
andikeni hivyo. Kwa kooni.

Alivuka bahari kwenye sitaha ya chini,
akamimina mpira kwenye kalibu za matairi, Lyon,
yeye na Shi Menglin, koti moja kwa watu wawili:
huyu zamu ya mchana, yule ya usiku.
Barua yake ilisema: hata huku, Jumatatu,
watu huweka saa zao rehani.
Baba alicheka, akaitia jikoni.

Alirudi na kikohozi, na kitabu ndani ya bitana.

Huko Hongshan aliwafundisha wachimba makaa usiku.
Kwa chaki alichora kisanduku: "Hiki ni kinywa."
Akachora mistari miwili inayoegemeana: "Huyu ni mtu."
Kisha akamtia mtu kisandukuni.
"Hapa panasomwa: mfungwa."
Mzee Bu, aliyefukiwa na shimo mara mbili
na mara mbili akafukuliwa, alikohoa nyuma:
"Mwalimu, hilo nalijua tangu kabla ya chaki."

Waligoma siku kumi na moja.
Walipata mchele usiochanganywa na mchanga,
na jeneza la mbao kwa kila atakayefia chini.
Naona kalamu zenu zimesita. Ushindi mdogo?
Mimi niliiona mikeka waliyozikiwa kabla ya hapo.

Halafu ikaja ile Aprili, mwaka wa ishirini na saba.
Tuliokula nao chungu kimoja wakatugeuzia bunduki,
mifereji ya mji ikapita siku tatu
na rangi nisiyoitaja mbele ya wajukuu.
Kaka akawa na majina saba, masharubu mawili,
akilala kila usiku chini ya dari nyingine.
Kikulacho ki nguoni mwako:
aliyemwonyesha polisi mlango ni Menglin,
aliyejua mgongo wake ulivyolipinda koti lile.

Gazeti liliandika: jambazi, hana ukoo, hana elimu.
Niliutambua mwandiko. Ulikuwa wa dukani kwetu.

Sasa ninyi mnaniomba niseme hakuogopa.
Aliogopa mbwa. Alikoroma.
Alimtuma kijana Yao kwenye daraja la reli,
Yao hakurudi, na tangu siku ile
hakulitamka jina hilo, wala hakula samaki.
Sanamu yenu pale sokoni imevaa kofia;
kichwa chake hakikujua kofia.
Baba alikiandika kipya kuwa kikuukuu,
ninyi mnamwandika aliyechakaa kuwa mpya.
Yupi kati yenu nimwite mwaminifu?

Kabla hamjaenda, tazameni.
Hiki kipande alinitumia kutoka Hankou,
majira yake ya mwisho ya baridi,
ndani ya bahasha, bila neno.
Ni hati ya rehani. Muda wake ulikwisha zamani.
Koti moja, kuukuu, limeliwa na nondo.

Safari hiyo karani alisema kweli.