Droo ya Chini

Walinipa ufunguo Jumanne, bila maneno mengi,
umefungwa kwa uzi wa chandarua.
Mlinzi, Baba Cirhuza, akasema: Mama Doyeni,
mlango huu hausukumwi, hubembelezwa.
Nikaubembeleza.

Dirishani ziwa, na mabati ya Kadutu yakipanda kilima
kama watu waliochelewa misa.
Ukutani madoyeni kumi na mmoja, tai kumi na moja.
Kiti kina bonde la makalio ya wengine;
nikikaa, miguu yangu haifiki sakafuni.
Nikaikanyagisha tasnifu mbili za zamani.
Moja ni yangu.

Mimi nasoma miteremko. Ndiyo kazi yangu,
kupima udongo wa Bukavu kabla haujaondoka na nyumba.
Miaka kumi na tisa nawaambia wanafunzi:
kilima hakiporomoki kwa mvua ya leo.
Kinaporomoka kwa maji yaliyoingia kimya kimya,
Machi, Aprili, mwaka juzi,
wala hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa majani juu yalikuwa mabichi.

Baraza la kwanza wakasema: Profesa Cibalonza,
una mwandiko mzuri, tuandikie muhtasari.
Mimi, mwenyekiti. Nikaandika.
Ajenda ya tano tuliifikia saa moja usiku, umeme umekwenda,
tukaendelea kwa tochi za simu,
nyuso zikimulikwa kutoka chini kama za wezi.
Nsimire, asistanti, alibana mikono kifuani,
maziwa yamelowesha blauzi;
mtoto wa miezi minne yuko Panzi, kwa bibi yake.
Hakuomba ruhusa.
Hata mimi, mwaka ule, sikuomba.
Nilikamulia chooni, nikamwaga, nikarudi kufundisha,
wakanisifu: mwanamke wa chuma.
Chuma nacho hula kutu. Waulizeni mabati ya Kadutu.

Wiki ya sita, famasia ya Nyawera,
kijana alinifunga kitambaa mkononi,
akajaza upepo, akanyamaza, akajaza tena.
Kumi na saba kwa kumi na moja, mama. Unalala?
Nikacheka kile kicheko cha ofisini.

Kesho yake, nikitafuta wino,
nikavuta droo ya chini, ile iliyokataa,
nayo nikaibembeleza.
Ndani rozari iliyokatika, risiti ya mafuta ya jenereta,
na karatasi za vidonge, tupu, zimefungwa kwa mpira,
jina lile lile nililoandikiwa jana.

Nikainua macho kwa Profesa Mushagalusa, picha ya mwisho kulia,
tai ya bluu, tabasamu.
Alianguka ngazini mwezi wa Mei. Tulisema, kazi ya Mungu.
Kumbe, baba, na wewe.
Ulijificha wapi ukivimeza?
Na mimi niliyekupita koridoni kila asubuhi,
mtaalamu wa nyufa,
niliona nini?

Sikulia. Niliandika, kwa ule mwandiko mzuri:
Baraza litaanza saa tatu, litakwisha saa sita, hata tusipomaliza.
Muhtasari kwa zamu, kwa alfabeti.
Stoo ya ramani itolewe ramani, iwekwe kiti, beseni, na kitasa cha ndani.

Profesa Bagalwa akauliza kama kitivo sasa ni zahanati.
Nikamwambia, herufi B, zamu yako ya kwanza.
Kalamu hii hapa.
Mtu mmoja nyuma akakohoa, na kikohozi kile
nilikisikia kama makofi.

Sijui kama itatosha. Barua ya beseni haijajibiwa.
Usiku bado naamka saa tisa,
nasikiliza mvua ikitembea juu ya bati,
najua kila tone linakokwenda.
Ila kilima tukitaka kiishi hatukiimbii sifa.
Tunachimba mfereji, mwembamba, wa jembe moja,
kisha kesho tunauzibua tena.

Zile karatasi tupu nimeziacha zilipokuwa.
Reli za droo nimezipaka sabuni; sasa inafunguka kwa kidole.
Atakayekuja azikute mapema.