Mfuko wa Kushoto

Mimi sikushona suruali hata moja.
Miaka sita pale Jomvu, ndani ya lango la kijani,
nilishona mfuko wa nyuma wa kushoto,
basi.
Wa kulia alikuwa nao Mghoi, zipu ni Umazi.
Suruali nzima tuliiona ikipita juu kwenye ndoano
ikienda kupigwa pasi,
kama bwana harusi tuliyemvisha sote
na hakuna kati yetu aliyealikwa.

Mia na kumi kwa saa. Ubao ulikuwa ukutani,
chaki nyekundu kwa aliyebaki nyuma.
Kadi ya choo ilikuwa moja kwa mstari mzima,
kibao cha mbao chenye kamba;
ukikishika kimelowa jasho la mwenzako.
Mejumaa alificha mimba chini ya aproni
mpaka mwezi wa saba,
hanywi maji tangu alfajiri asije akakiomba kile kibao.
Jioni nikipenga kamasi, hanchifu inatoka buluu.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa siku ya mshahara.
Kibaba chenyewe cha nani, hawakusema.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya.
Naye alikuwa na msimamizi wake,
na yule alikuwa na simu,
na ndani ya simu mlikuwa na mtu
ambaye kwake ni usiku kwetu kukiwa mchana.
Siku moja nikauliza, ni nani hasa
anayeitaka hii mia na kumi?
Akainua kidole juu.
Nikadhani anamtaja Mungu,
kumbe anaonyesha saa.

Nikajipa siri.
Mfuko wa mwisho wa kila zamu
nilirudisha sindano mara tatu pembeni,
pale walipoandika mbili.
Uzi ni wao, umeme ni wao,
dakika nayo ni yao, wameshainunua.
Ule mshono wa tatu ulikuwa wangu.

Oda ilipokatwa hatukuambiwa.
Tulikuta mnyororo langoni,
na mlinzi amegeuza kiti, ametupa mgongo.
Kiwanda hakikufa, tukasikia baadaye, kimehama tu,
kwengineko mikono ni rahisi zaidi.
Nikaitazama mikono yangu.
Sikuwa najua kwamba ilikuwa ghali.

Sasa niko Kongowea, nafungua marobota na wifi yangu.
Robota likikatwa ukanda hushusha pumzi,
harufu ya sabuni ya makabati ya watu
wa mbali, wasiotujua.
Wateja wa kamera hufika na tochi, kabla ya adhana.
Jumatano moja nikavuta jinzi kutoka katikati,
na kidole gumba kikajua kabla ya macho:

moja, mbili,
tatu.

Nikaikunjua. Ndiyo mara ya kwanza kuishika ikiwa nzima.
Zipu ya Umazi bado yateleza.
Magoti yamepauka, aliyeivaa alikuwa mtu wa kupiga magoti,
kwa sala au kwa kazi, sijui.
Nikatia mkono mfukoni mwangu, naam, mwangu,
nikatoa kijikaratasi kilichofuliwa hadi kikawa pamba.
Herufi zote zimekwenda.

"Mama, hii ngapi?"
Kijana, tochi mdomoni.
Mia nne.
"Mia mbili. Aliyeitupa hakuiona kitu."
Nikamwambia, vuta huo mfuko.
Akauvuta. Akauvuta tena kwa ubishi, mguu mbele.
Haukuachia.

Akaichukua kwa mia tatu.
Nikitoa ya robota, na ushuru wa soko, na ya maji,
ikabaki arubaini.
Nikajipapasa nipate pa kuitia.
Dera langu halina mfuko.
Nikaifunga kwenye pindo la leso,
fundo moja, la pili,
na la tatu.