Nusu Kichwa

Kufuli limeshika kutu. Nimelipaka mafuta ya nazi,
yale ya kulainishia nywele, ndiyo niliyokuwa nayo,
nikalitikisa, nikalisema, likafunguka.

Ndani, vumbi la Isevya limekalia kiti changu
kama mteja aliyewahi foleni.
Kioo kina ufa ule ule
unaomkata kila mtu usoni.
Mita ya umeme inasoma sifuri.
Kwenye chanuo, nywele za mtu.
Nilijua za nani.

Miezi tisa.
Mimba nzima, akasema Havijawa wa duka la sabuni,
na wewe umezaa nini?
Usingizi, nikamjibu.

Maana ulikuwa msimu ule, fedha za tumbaku zimetoka,
kila kijiji kina harusi
na kila harusi ina mashangazi saba.
Nilisuka alfajiri kwa tochi ya simu,
nilisuka usiku treni ya Mpanda ikipiga honi,
mteja akinitia muhogo mdomoni
ili vidole visisimame.
Hapana ilinikwama kooni kama mwiba wa perege.
Ganzi ikaanza, kidole gumba kwanza,
kisha kile cha pete, kisicho na pete.

Ijumaa hiyo, saa sita usiku, Nyamizi yuko kitini,
bibi harusi wa kesho.
Upande wa kulia umekwisha, mistari imenyooka
kama matuta ya karanga.
Nikaweka chanuo chini.
Nikasema, nakwenda kunawa.
Nikatembea mpaka nyumbani, mikono mikavu.

Ya Sikonge kwa mama sitayasema mengi.
Nilichambua maharage moja moja
na hata maharage yalinichosha.
Mama hakuuliza.
Siku moja akaniwekea kichwa chake mapajani,
akasema, nitazame, naona kama nina chawa.
Nikatafuta mvi kwa mvi, mchana kutwa.
Hakukuwa na chawa.

Sasa nimeandika mlangoni kwa chaki:
Saa tatu hadi saa kumi na moja.
Jumapili hapana. Mkopo hapana.
Hapana mbili. Nikarudi nyuma kuzitazama
kama anayejaribu hereni mpya.

Siku ya kwanza hakuja mtu.
Ya pili, mtoto akaomba chenji ya elfu tano.
Ya tatu, tumbo likatangulia mlangoni,
na nyuma ya tumbo, Nyamizi,
mkononi picha ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilijua matusi yanakuja. Nikayangoja nimesimama.
Akaichomoa picha.
Kulia, kazi yangu.
Kushoto, kazi ya mawifi watatu, kila mmoja na mkono wake,
mmoja nadhani alisukia gizani.
Wanauliza huu mtindo gani, akasema.
Nawaambia: wa Mwashi.
Kisha akakaa, taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo ya maji.
Una deni langu la upande wa kushoto.

Nikaanza na deni.
Nywele zake zimekuwa nzito, za mimba,
zinateleza, zinarudi, zinakubali.
Nilipofika nyuma ya sikio
ganzi ikabisha hodi kwenye kidole gumba.
Zamani ningeifungia mlango.
Nikaweka chanuo chini.

Mabega yake yakakaza. Niliyaona.

Nikanyoosha mgongo, nikanywa maji kikombe kizima,
nikarudi. Nikamaliza kushoto.
Saa kumi na moja kasoro dakika nne.

Kulia ni kesho, nikamwambia. Saa tatu.

Akanitazama kiooni, jicho moja huku ya ufa, moja kule.
Nusu tena?
Nusu tena.
Akacheka mpaka tumbo likamshtuka, akalishika,
akafunga kitambaa kichwani, akatafuta viatu kwa vidole vya miguu.

Afadhali, akasema. Leo umeaga.