Ukurasa wa Saba

Hotuba ya Waziri Kivuli wa Ulinzi
niliichapa mimi, hapa Kirumba,
katika duka la steshenari lenye feni moja mbovu
na kibodi iliyofutika herufi N,
kwa hiyo kila "nchi" niligonga kwa kukisia.

Mheshimiwa Nyanzobe alisimama nyuma yangu saa tano usiku,
viatu mkononi, miguu imemvimba kwa safari ya Kayenze,
akisoma kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile.
Usimlaumu. Baba yake, koplo, alirudi kutoka Kagera
na sikio moja linalosikia. Watoto wote wa nyumba ile
walijifunza kuketi kuliani kwake, na kupaza.

Alikuja na daftari la shule.
Sikuona humo bunduki wala vifaru.
Niliona injini. Injini za mitumbwi, moja moja, kwa namba:
hii iliporwa Jumanne, ng'ambo ya Bezi;
hii iliporwa, mwenyewe akatoswa na kamba kiunoni;
hii iliporwa ikiwa bado ina deni la miezi kumi na minne.
Kisha majina ya waliorudi.
Kisha majina mengine, ambayo alisema
niyachape kwa wino mzito.

Ukurasa wa saba ulikuwa wa boti.
Ile ya doria, ya kijivu, iliyopandishwa juu ya mawe
tangu masika ya mwaka juzi.
Turubai imechanika. Pangaboi haina.
Kenge amezalia chini ya usukani.
Lakini mafuta yake hutoka kila mwezi,
huandikwa, husainiwa, hunyweka.
"Mheshimiwa Spika, nauliza, anayeyanywa ni kenge?"
Nikacheka. Akasema, weka alama ya kuuliza, usicheke.

Siku ya bajeti tulimtazama kwenye runinga ya kinyozi.
Alimaliza ukurasa wa sita. Akalamba kidole.
"Kuhusu utaratibu!"
Mtu akasimama, tumbo lake likiwa limetangulia,
akasema hayo ni siri za ulinzi,
na adui ana masikio.
Kiti kikaamuru ukurasa wa saba usisomwe,
usiingie kwenye kumbukumbu rasmi.
Akaruka kwenda wa nane, kama mtu anavyoruka dimbwi,
sketi ameishika.

Kinyozi alizima mashine.
Mteja, kichwa kimenyolewa nusu, akageuka:
Siri?
Watoto wetu hupigia picha za Idi juu ya boti ile!
Wakaanga samaki huanika khanga zao ubavuni mwake.
Wezi wenyewe wakiipita hupunguza mwendo,
wakaipigia saluti.
Ziwa zima linajua.
Asiyejua ni Bunge,
na leo limelindwa lisijue.

Alirudi kwa basi, vumbi la Shinyanga bado kwenye kope.
Hakuniuliza kama alisikika.
Alihesabu noti: nakala mia mbili,
ukurasa wa saba tu.
Nikamwambia wino unakwisha.
"Utoke utakavyotoka."
Zile za mwisho zilitoka hafifu,
ukizisoma unakunja macho
kama unayetafuta taa ya mtumbwi alfajiri yenye ukungu.

Zilikwenda mwaloni. Moja nimeiona
imefungiwa dagaa wa elfu moja,
mafuta yamepenya palipoandikwa doria.
Sikujua nifurahi au nisikitike.
Nilinunua dagaa.

Jana akaingia kijana mmoja, kaptula na malapa,
ila kaunyoa uso kwa namna ya watu wa gwaride.
Alitaka kurudufu fomu ya likizo.
Nilipokuwa nikingoja mashine ipate moto,
alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
akainyoosha juu ya meza kwa kiganja.
Akatazama mlangoni.
"Hapa mmekosea," akasema taratibu.
"Si pangaboi peke yake. Betri pia hakuna.
Na redio."

Nikatafuta kalamu.