Kisado Pomoni

Hoteli ya karibu na stesheni inataka jamu ya furu,
chupa arobaini, kila chupa na uzito wake ubavuni.
"Gramu," kasema Sizya wa stoo,
"si kisado, si kopo, si kadiri ya mkono."
Basi nimenunua mizani ya betri, nyembamba kama sahani,
nikaiweka mezani, nikafungua daftari.

Mama hakujua kalamu. Alighani huku akichochea moto,
nami, darasa la nne, nikaandika kwa penseli:

*Furu kisado pomoni, zote ziwe zimekoza,*
*Maji kopo la jikoni, mara mbili ukijaza,*
*Sukari nusu sahani, limau la kuchagiza,*
*Koroga hata jioni, mwiko ushindwe kucheza.*

Nane kwa nane. Mizani yake haikupunguka hata silabi.
Yangu inawaka sifuri, inangoja.

Kisado cha kwanza: kilo mbili na mia nne.
Nikamwaga, nikajaza tena kutoka gunia lilelile:
mbili na mia tano na kumi.
Nikakigonga mezani kama wafanyavyo wanunuzi wakorofi,
furu zikashuka, nikaongeza ganji moja:
mbili na mia saba.
Kumbe muda wote nilikuwa napima hewa
iliyojibanza kati ya tunda na tunda.

Nyanzala, jirani, akacheka dirishani:
"Na ungepima ntonga je?"
Akaniletea. Sita zikaingia, ya saba ikagoma,
kisado kimejaa na mkono wangu bado unapita.

Sasa hiyo *pomoni* ni gramu ngapi?

Nikakumbuka kisado chenyewe.
Kiko nyuma ya jiko, kinahifadhi mkaa.
Kitako kimebonyea kwa ndani, ukubwa wa ngumi:
Kasanga alikipiga teke mwaka ule wa njaa ya mpira.
Mama hakununua kingine.
Na Milembe wa Sikonge, aliyemletea furu kila msimu,
alikiona kile kibonyeo, hakusema neno;
alikijaza, kisha akakivika lumbesa,
mlima mdogo mweusi unaoporomokea kanga.
Hakuwahi kuudai.

Nimekiosha mara tatu, maji bado yana majivu.
Nimekijaza. Nimekivika lumbesa kwa mkono wangu,
nikiiga mkono wa mtu aliyekwisha kufa,
nikisimama pale furu ya kwanza ilipodondoka.

Nikasoma namba. Nikaifunika penseli ya zamani kwa wino,
kisha nikaisoma kwa sauti, nikihesabu vidoleni:
*kilo mbili, mia sita.*

Nane kamili.
Kina tu ndicho kilichokataa.