Deni la Mto

Mwaka wa nguo nyeusi, mto ulikuwa mweusi.
Mwaka uliofuata wateja walitaka damu ya mzee,
nasi watoto tukajua, kabla ya maduka ya Porto,
watu watavaa nini wakati wa baridi:
tulisimama darajani, tukatazama chini.

Mama yangu Leontina alikuwa mchanganyaji rangi.
Tulimzika na buluu kidogo ukingoni mwa ukucha,
buluu iliyoshinda sabuni, siki, na miaka tisa ya kustaafu.
Padri alidhani ni maradhi.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Benedita Sarmento,
akakuta bango limeshatundikwa na waliomtangulia:
jani, tone la maji, mtoto anacheka,
na chini yake, SIFURI IFIKAPO 2040.
Eurico wa boila akauliza, mdomo umejaa mkate,
"Sifuri ya nini, mama?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Sijui," akasema. "Nani atanionyesha bomba linakoishia?"
Akaazima buti zangu, kubwa kwa namba tatu,
akashuka ngazi za nyuma akizikokota
kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake,
akasimama kwenye povu mpaka simu yake ikachoka kuita.

Ahadi ni deni, tunasema, na tunapita.
Yeye alimwuliza mhasibu: deni hili umeliandika wapi?
Mhasibu akapekua. Lilikuwepo deni la benki,
deni la pamba, deni la gesi,
hata deni la keki za Krismasi.
La mto halikuwepo.
Mdai huyu ana mdomo mpana kuliko wetu sote,
unafika baharini,
lakini hajawahi kuleta ankara.

Basi wakaweka kitufe. Chekundu, cha bei rahisi,
ukutani kando ya kipimo changu cha maji,
na karatasi yenye sahihi yake:
"Atakayekibonyeza hatafukuzwa."
Miezi mitano kazi yangu ilikuwa kukipangusa vumbi.

Usiku wa kuamkia Mtakatifu Martinho, saa nane,
mita elfu arobaini za nyeusi kwa mteja wa Hamburg,
lori linanguruma uani, dereva kajilalia usukanini,
mshale wa kipimo ukapanda, ukapita mstari, ukakaa.
Kichujio kilikuwa kimeziba.
Nilifikiri mkopo wa nyumba. Nilifikiri Hamburg.
Nikisema nilifikiri samaki nitakuwa mwongo.
Kidole kilikwenda chenyewe.
Labda kilikuwa cha mama.

Hujui kelele ni nini
mpaka mashine thelathini zinyamaze kwa pamoja.

Benedita alifika saa tisa, koti juu ya nguo za kulalia.
Akasoma mshale. Akakishika kitambaa
kilichoanza kuingia mabaka ndani ya mapipa.
Uso wake, niseme kweli, ulitaka kunitukana.
Ukafikiri. Ukaomba kalamu.
Kwenye daftari la zamu, chini ya jina langu,
akaandika jina lake,
na hasara, tarakimu zote, hadi senti.

Hamburg walikwenda kwingine.
Saba kati yetu waliachishwa kazi kabla ya Pasaka,
Eurico mmojawapo,
na siku hizi tukikutana mkahawani
analipia kahawa yake tu.
Sina jibu la kumpa Eurico.
Nimelitafuta.
Bango lilipauka, likashushwa, hakuna aliyelililia.
Daftari lipo, kona zake zimelowa.

Leo asubuhi mwanangu alirudi kutoka darajani, suruali imechafuka.
Nikamwuliza, kama nilivyokuwa nikiulizwa,
mwaka huu ni rangi gani?
"Hauna rangi," akasema. "Ni maji tu."
Akavua viatu mlangoni, akafikiri.
"Unanuka kidogo."

Kidogo.
Nimekwenda nalo zamuni, neno hilo,
nikaliandika kwenye safu ya madeni.