Tisini, ya Zamani

Muuza spea wa Kibaigwa anasifia debe jipya,
lina picha ya radi, bei yake gunia la alizeti.
"Hii, mama, inaingia popote."
Kinachoingia popote hakina kwao, nikamjibu,
nikarudi Pandambili mikono mitupu.

Trekta letu ni la mwaka sitini na nne.
Kitabu chake mchwa walikila,
wakatuachia kurasa za taa na honi.
Jana Ndahani alifungua nati ya chini ya giaboksi:
oili ikashuka rangi ya chai ya maziwa,
mvua ya Machi ilipenya kwenye mkono wa gia.
Akachovya kidole, akanusa,
akapaka kwenye gazeti, akalianika juani.
Unga wa njano ukameta.
"Shaba," akasema. "Hizi oili kali zinaitafuna kimyakimya.
Bibi huyu anataka uji, si pilipili."

Uji upi?
Mzito mno, baridi ya Julai itaugandisha;
mwepesi mno, adhuhuri jembe litashuka lenyewe,
maana oili hiyohiyo ndiyo inayolinyanyua.

Tukakwangua madigadi kwa kisu, tukitafuta jina la kiwanda.
Chini ya rangi ya tatu, mwandiko wa msumari:
TISINI YA ZAMANI. USIDANGANYWE. MLEWA.

Mlewa, dereva wa kwanza,
aliyepokea mshahara kwa dole gumba.

Nikarudi Kibaigwa. Tisini ilikuwepo,
debe lisilo na picha,
limewekwa kuzuia mlango usijifunge.